Wingu la kibinafsi: Kazi ngumu ni kuandaa seva

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika. Kwa siku kadhaa, watumiaji wa intaneti nchini Kenya na katika mataifa jirani walikumbwa na adha ya mtandao uliotambaa kama kobe. Mwezi Februari mwaka huo huo, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu.

Hebu fikiria daktari katika hospitali ya kaunti ambayo mifumo yake yote imehifadhiwa katika kompyuta zilizoko Ulaya. Anahitaji matokeo ya damu ya mgonjwa aliye mbele yake. Matokeo hayo yamepimwa katika maabara iliyo ghorofa ya chini, lakini ili yamfikie, ni sharti yavuke bahari na kurudi. Nyaya zikikatika, daktari hana la kufanya ila kumtuma mtu ashuke ngazi na karatasi mkononi.

Visa vya aina hii ndivyo vinavyozifanya baadhi ya taasisi kufikiria kujenga lile ambalo wataalamu huliita wingu la kibinafsi. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kuweka masharti kwa yeyote anayetaka kuzipeleka nje ya nchi. Sheria hiyo haikatazi moja kwa moja kuzihifadhi ng'ambo, ila inambana anayefanya hivyo athibitishe kwamba ziko salama huko ziliko.

Wingu la kibinafsi ni nini hasa? Ni kundi la kompyuta kubwa, yaani seva, zinazotumikia taasisi moja pekee, ziwe katika chumba cha taasisi hiyo au katika kituo cha data kilichokodishwa. Ndani ya seva hizo huundwa kompyuta nyingine nyingi zisizoshikika kwa mkono, ambazo huitwa mashine pepe. Kila mashine pepe hujiona kana kwamba ni kompyuta kamili yenye prosesa, kumbukumbu na diski yake. Programu inayozigawia rasilmali na kuzitenganisha ili moja isimwingilie jirani yake huitwa haipavaiza.

Faida yake ni wazi. Hospitali yetu ya mfano huenda ina seva 12 kuukuu: moja ya usajili wa wagonjwa, nyingine ya maabara, nyingine ya duka la dawa, ya picha za eksrei, ya uhasibu na kadhalika. Nyingi kati ya hizo hukaa zikinguruma na kula umeme huku zikifanya kazi kidogo mno. Seva 3 mpya zaweza kuzibeba zote 12 zikiwa mashine pepe, na nafasi ikabaki.

Hata hivyo, faida hiyo ina upande wake wa pili ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Zamani, seva ya uhasibu ilipoharibika, ni wahasibu tu waliokwenda nyumbani mapema. Seva moja iliyobeba mashine pepe 12 ikiharibika, hospitali nzima husimama kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mwandishi wa makala haya hushikilia kwamba hatima ya wingu la kibinafsi huamuliwa kabla programu yenyewe haijawekwa. Kuiweka haipavaiza ni kazi ya chini ya saa moja. Kuiandaa mashine itakayoibeba huchukua majuma.

Teknolojia ya tangu enzi za kale

Wapo wanaodhani kwamba haya ni mambo ya juzi. La hasha. Kampuni ya IBM ilianza kuunda mashine pepe katika miaka ya 1960, na mnamo 1972 ikatoa mfumo wa VM/370 uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Mwaka wa 1974, wataalamu wawili wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ambayo prosesa ni lazima iyatimize ili mashine pepe ziweze kuendeshwa kwa usalama.

Prosesa za bei nafuu zilizokuja kuenea maofisini na majumbani hazikuyatimiza masharti hayo. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ilijipatia sifa kwa kuizunguka kasoro hiyo kwa ujanja wa programu. Baadaye watengenezaji waliirekebisha prosesa yenyewe: Intel mnamo 2005, kisha AMD mnamo 2006. Mapema mwaka wa 2007, haipavaiza ya KVM iliingizwa katika kiini cha Linux, na tangu hapo yeyote mwenye mfumo huo huria anaweza kuunda mashine pepe bila kulipia leseni.

Suala la leseni limerudi kwa kishindo katika miaka ya hivi karibuni. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Wateja sasa hulipia kwa kipindi, na hesabu hufanywa kwa idadi ya viini vya prosesa. Wengi walioona gharama ikipanda wamegeukia programu huria kama vile Proxmox, inayotengenezwa jijini Vienna, Austria, au OpenStack, iliyoanzishwa 2010 kwa ushirikiano wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, na kampuni ya Rackspace.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja anayekwenda kununua seva. Windows Server nayo hulipiwa kwa idadi ya viini, na kila seva huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama vilivyomo ni 8. Mnunuzi anayevutiwa na prosesa yenye viini 64 kwa sababu tu ameipata kwa bei nzuri, aweza kujikuta akilipia leseni kushinda thamani ya mashine yenyewe. Hesabu ya leseni ifanywe kabla ya oda kutolewa.

Kumbukumbu ndiyo hukwisha kwanza

Katika wingu la kibinafsi, rasilmali inayokwisha mapema kuliko zote ni kumbukumbu, yaani RAM. Viini vya prosesa vyaweza kugawiwa mashine pepe nyingi kupita idadi yake halisi, kwa kuwa mara nyingi mashine hizo huwa zimetulia zikisubiri kazi. Kumbukumbu haina ulegevu huo. Mashine pepe iliyopewa GB 16 huzishika, na ikizikosa, kazi yote hugeuka kuwa ya kusukumana na diski.

Tufanye hesabu pamoja, msomaji. Hospitali yetu imenunua seva 3, kila moja ikiwa na GB 256. Jumla ni GB 768. Mkuu wa idara ataiona tarakimu hiyo katika ankara na kuamini kwamba hizo zote ni za kutumia.

Sivyo. Haipavaiza yenyewe inahitaji sehemu yake, tuseme GB 16 kwa kila seva. Ikiwa seva hizo hizo ndizo zitakazohifadhi data kwa mfumo wa Ceph, kila diski itahitaji takriban GB 4 za kumbukumbu, na seva yenye diski 6 itatoa GB 24 nyingine. Zinabaki GB 216 kwa kila seva. Aidha, ni lazima seva moja iweze kufa bila hospitali kusimama, yaani mashine zote pepe ziweze kuingia katika seva mbili zilizosalia. Hivyo basi, kiwango cha kweli ni GB 432, ambayo ni asilimia 56 tu ya kile kilicholipiwa.

Anayegawa kumbukumbu kupita hapo hujiona mwerevu hadi siku ambayo seva moja itazima. Siku hiyo mashine pepe zilizokuwa ndani yake zitabisha hodi kwa majirani na kukuta hakuna nafasi.

Aina ya kumbukumbu nayo isipuuzwe. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao wa Google walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maelfu ya seva na kubainisha kwamba takriban theluthi moja ya mashine hizo zilipata hitilafu ya kumbukumbu angalau mara moja kwa mwaka. Kumbukumbu ya aina ya ECC hulisahihisha kosa dogo lenyewe, nalo kubwa huliripoti. Kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida hunyamaza, na tarakimu moja katika kipimo cha dawa yaweza kubadilika pasi na yeyote kujua.

Vipande vya kumbukumbu havichomekwi popote palipo na tundu. Kila prosesa ina njia zake za kuifikia kumbukumbu, na vipande vinapaswa kusambazwa sawasawa katika njia hizo kama kijitabu cha seva kinavyoelekeza. Seva yenye prosesa mbili ni mfano wa duka lenye maghala mawili: muuzaji akichukua bidhaa katika ghala lake hachelewi, lakini akilazimika kwenda kwa mwenzake, mteja husubiri. Kwa hiyo mashine pepe isitengenezwe kubwa kiasi cha kuzidi kumbukumbu iliyo upande mmoja, pasipo sababu ya kufanya hivyo.

Baada ya kuchomeka, seva iachwe ikijipima kumbukumbu usiku kucha, ikiwezekana saa 24, kwa programu kama Memtest86+. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu wakuu wao wanataka kuona kitu kwenye skrini. Kipande kibovu kikigunduliwa siku ya kwanza, hurudishwa dukani. Kikigunduliwa mwezi wa sita, huwa kimeshaharibu data ambayo nakala zake za akiba nazo zimeharibika.

Swichi zilizofichika ndani ya mashine

Kila seva ina ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla ya mfumo wa uendeshaji kuanza, ambao mafundi huuita BIOS, au UEFI katika mashine za kisasa. Hapo ndipo ule uwezo uliotiwa katika prosesa kuanzia 2005 huwashwa au kuzimwa. Kwa Intel huandikwa VT-x na kwa AMD huitwa AMD-V au SVM. Seva mpya nyingi huja ukiwa umewashwa, lakini zile zilizotumika ng'ambo na kuletwa kuuzwa tena hapa nchini zaweza kuja na mipangilio ya mwenye mali wa kwanza. Fundi aliyeshinda siku nzima akishangaa kwa nini haipavaiza inakataa kuanza, mara nyingi tatizo lake ni neno moja tu katika ukurasa huo.

Karibu na hapo kuna swichi nyingine, VT-d kwa Intel na IOMMU kwa AMD, inayoruhusu mashine pepe moja kukabidhiwa kifaa halisi, mathalani kadi ya mtandao, bila kuhatarisha nyingine. Kuna pia mpangilio wa matumizi ya umeme, ambao aghalabu huwekwa katika hali ya kubana. Hali hiyo huifanya prosesa isinzie kila inapopata nafasi, na kuamka kwake huchelewesha kazi zinazohitaji jibu la haraka kama vile hifadhidata.

La muhimu zaidi ni kwamba seva zote ziwe na mipangilio inayofanana. Wingu la kibinafsi lina uwezo wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine bila kuizima, huku mhudumu wa duka la dawa akiendelea kuandika asijue lolote. Uwezo huo hufanya kazi tu iwapo prosesa zinaelewana. Kutoka Intel kwenda AMD usitarajie kufanikiwa. Kutoka Intel ya zamani kwenda mpya inawezekana, mradi haipavaiza iamrishwe kuzionyesha mashine pepe sifa zile tu ambazo prosesa kongwe inazo. Agizo hili litolewe mwanzoni. Kulitoa baadaye hulazimu kila mashine pepe kuzimwa na kuwashwa upya.

Programu dhibiti, ile inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, pia isasishwe kabla ya kazi kuanza. Januari 2018 ulimwengu uliarifiwa kuhusu kasoro za Meltdown na Spectre katika prosesa, na Agosti mwaka huo ikafichuliwa nyingine, iliyoonyesha kwamba mashine pepe moja ingeweza kuchungulia data ya jirani yake ndani ya prosesa za Intel. Dawa yake ilihitaji masasisho ya haipavaiza pamoja na ya prosesa yenyewe. Seva ya mwaka 2017 iliyonunuliwa kwa bei rahisi na isiyosasishwa bado ina tundu hilo.

Diski nazo zina programu dhibiti, na hapa kuna kisa kinachostahili kusimuliwa. Novemba 2019, kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za aina ya SSD zingekufa kabisa zikitimiza saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisiposasishwa. Diski zilizofungwa katika seva siku moja zingekufa karibu dakika moja, na data isirudi. Ule mpango wa kuweka diski mbili ili moja ikifa nyingine iendelee, usingesaidia chochote.

Ni kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi hupenda kuchanganya diski za matoleo tofauti. Muhimu vilevile ni kununua diski za SSD za daraja la seva, ambazo zina akiba ndogo ya umeme ndani yake ya kukamilisha uandishi stima inapopotea ghafla. Diski ya kompyuta ya mezani hudai imeshaandika ilhali data ingali njiani.

Mifumo ya Ceph na ZFS hutaka kuziona diski moja kwa moja, bila kadi ya RAID kusimama katikati. Anayezitumia aiweke kadi yake katika hali ya kupitisha tu, au anunue isiyo na RAID. Na katika Ceph, ambayo kwa kawaida huhifadhi nakala 3 za kila kitu, mhasibu atashangaa tena: seva 3 zenye diski 6 za TB 4 kila moja zina TB 72, lakini nafasi ya kutumia ni TB 24, na mfumo huanza kulalamika ukijaa asilimia 85, yaani kama TB 20. Nakala hizo 3 si badala ya nakala za akiba. Mtu akifuta faili kimakosa, hufutika kote mara moja.

Mtandao, saa na akidi

Hospitali nyingi zina swichi moja ya mtandao ambayo kila kitu huchomekwa humo. Wingu la kibinafsi linataka safari zitenganishwe: ya wasimamizi, ya hifadhi ya data, ya kuhamisha mashine pepe, na ya watumiaji wa kawaida. Zaweza kupita katika waya mmoja zikiwa zimetengwa kwa programu, lakini safari ya hifadhi ni vyema iwe na waya wake wenye kasi isiyopungua gigabiti 10 kwa sekunde.

Sababu ni ya hesabu nyepesi. Mashine pepe yenye kumbukumbu ya GB 64 ikihamishwa kwa waya wa gigabiti 1, itachukua zaidi ya dakika 8 hata kama hakuna mwingine barabarani. Na kwa kuwa kumbukumbu yake inaendelea kubadilika, huenda isimalize kamwe. Kwa gigabiti 10, safari hiyo hupungua hadi takriban dakika moja.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni kwa nini ziwe seva 3 na si 2. Jibu ni lile lile la bunge na vyama vya ushirika: akidi. Seva 2 zikipoteza mawasiliano baina yao, kila moja haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni waya tu uliokatika. Zote mbili zikijitwalia kazi ya maabara na kuandika katika hifadhi moja, data huvurugika. Zikiwa 3, zile 2 zinazoonana huwa ndizo wengi na huendelea na kazi, nayo iliyotengwa hujinyamazisha. Taasisi isiyomudu seva ya tatu yaweza kutumia kompyuta ndogo kama shahidi wa kupiga kura tu.

Saa nazo ni lazima ziafikiane. Ceph huanza kutoa onyo saa za seva zake zinapotofautiana kwa zaidi ya sekunde 0.05. Seva zote zielekezwe kwa chanzo kimoja cha saa, na chanzo hicho kisiwe mashine pepe iliyomo ndani ya wingu lenyewe.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na madhara yake huonekana usiku. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea katika sehemu kubwa ya nchi, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukagubikwa na giza baada ya jenereta kukataa kuwaka. Mwaka huo haukwisha kabla umeme haujapotea tena vivyo hivyo, Novemba na Desemba. Umeme unaporudi, seva huwaka na kutafuta seva ya majina ya mtandao ili zijue hifadhi iko wapi. Ikiwa seva ya majina ni mashine pepe iliyolala ndani ya hifadhi hiyo hiyo, hakuna kitakachowaka. Fundi hutafuta nywila, na kukumbuka kwamba orodha ya nywila imo katika mashine pepe nyingine. Orodha hiyo ichapishwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha na kufungiwa sefuni pamoja na mpangilio wa kuwasha na kuzima.

Umeme, joto na mlango wa nyuma

Seva za maana huja na pawasaplai mbili. Lengo ni kila moja ichomekwe katika chanzo chake. Nimeziona zikiwa zimechomekwa zote katika UPS moja, ile ambayo betri zake hazijabadilishwa tangu inunuliwe; hapo ile ya pili ni pambo. UPS iunganishwe na seva kwa waya wa mawasiliano ili betri inapokaribia kwisha itoe amri ya kuzima: mashine pepe kwanza, kisha hifadhi, kisha seva zenyewe. Jenereta nayo iwashwe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo halisi, maana kuinguruma bila mzigo hakuthibitishi lolote.

Karibu umeme wote unaoingia katika seva hutoka ukiwa joto. Seva 3 zinazokula wati 500 kila moja ni sawa na hita ya wati 1,500 isiyozimwa. Wataalamu hupendekeza hewa inayoingia katika seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Mara nyingi UPS hubeba seva lakini haibebi kiyoyozi, kwa hiyo stima ikipotea seva huendelea kufanya kazi katika chumba kinachopata joto kila dakika. Kule Mombasa kuna na unyevu wenye chumvi unaokula vyuma vya vifaa, na chumba kisichozibwa vizuri hakifai hata kama kina baridi.

Ndani ya kila seva kuna kompyuta nyingine ndogo ya usimamizi, inayoweza kuiwasha na kuizima seva hata mfumo wake ukiwa umekufa. Ni msaada mkubwa kwa fundi aliye Kisumu wakati seva iko Nairobi. Ni mlango wa nyuma pia. Nywila yake ya kiwandani ibadilishwe kabla ya waya wa mtandao kuchomekwa, na isifikike kamwe kutoka katika intaneti ya wazi.

Kuhusu hatari ya kuziacha seva wazi, ushahidi upo. Februari 2023, wahalifu walizishambulia maelfu ya seva za VMware katika nchi mbalimbali, wakazifunga faili za mashine pepe na kudai fidia. Kasoro iliyoaminika kutumiwa ilikuwa imetolewa dawa miaka 2 kabla, Februari 2021. Kwa kuwa kila faili ilikuwa kompyuta nzima, shambulio moja kwa seva moja lilitosha kuifunga ofisi yote. Nakala za akiba zinapaswa kukaa mahali ambapo msimamizi wa wingu mwenyewe hawezi kuzifuta kwa nywila yake ya kila siku.

Seva zikishafungwa, kusasishwa na kupimwa, haipavaiza huwekwa katika diski mbili ndogo zilizotengwa kwa kazi hiyo, nazo zile kubwa zikaachiwa data. Kisha huundwa mashine pepe za majaribio zisizo na habari ya mgonjwa yeyote, zikapewa kazi nzito kwa siku kadhaa.

Katika siku hizo fundi aingie chumbani mchana kweupe, mbele ya mkuu wa hospitali, achomoe waya wa umeme wa seva moja iliyo kazini. Waandike dakika ngapi zimepita kabla mashine pepe zake hazijaamka kwingine. Achomoe waya wa swichi. Ang'oe diski moja. Arejeshe mashine pepe moja kutoka katika nakala ya akiba na kuifungua. Atakalolikuta halifanyi kazi, alirekebishe na kulijaribu tena. Hapo ndipo seva ya kwanza kati ya zile 12, ambayo naipendekeza iwe ile ya uhasibu, itahamishwa usiku wa Jumamosi, huku ya maabara ikiachwa hadi mwisho na mashine yake kuukuu ikibaki pembeni ikiwa imechomekwa, kwa mwezi mzima.